Alama ya Saba

Jumanne jioni

Alama za bluu ni viapo, kijani ni keki, nyekundu ni vipande vya kuondoa. Ndivyo ninavyopanga kila video ya harusi nisipotee. Hii ya kijijini Nyarero ina nyekundu kumi na moja, zote marungu na mapanga, tangu koo mbili zilipogombania ng'ombe wa mahari. Kila moja ninaiandikia jina la mpigaji.

Leo baba wa bibi harusi alikuja. Mwanawe wa kiume alikatwa mkono siku hiyo. Hakuitikia hata shikamoo yangu.

"Usiondoe kitu. Nionyeshe aliyemkata."

Nikasema sijafika hapo. Nimedanganya. Ni alama ya saba: mkono unashusha panga, damu inarukia shela. Hiyo peke yake sijaiandikia jina.

Kaka yangu yuko sebuleni, anamega ugali kwa mkono uleule.