Kamera ya Uani na Mdomo Wangu Wazi

Shoga, acha unachofanya usome. Nimeaibika leo, sijui nitapita wapi!

Unaikumbuka ile kamera yetu ya uani? Ile kila jirani anakaa nayo siku moja, anapiga picha ya kitu kinachompa amani ya moyo? Leo wamebandika picha zote ukutani pale karibu na bomba. Mimi huyo na gauni langu jipya, naenda kuangalia.

Ni mimi! Fundi cherehani kanipiga picha nimelala kibarazani kwangu, mdomo wazi. Nesi naye kanipiga mimi, mdomo wazi. Mama Pacha hivyo hivyo, tena na udenda!

Nikawaka. “Nyinyi mna nini na mimi?”

Fundi akajibu kwa upole kabisa, “Dada, ukilala wewe, sote tunapumua.”

TUNAPUMUA, shoga! Hata nesi akacheka, yule asiyechekaga.

Nikawaambia sijali, nyumbani kwangu napendwa. Ndipo nikaiona picha ya mwisho. Mdomo ni uleule, ila hii imepigwa kutokea ndani, dirishani kwangu.

Na unajua mle ndani tunaishi wawili tu, mimi na mume wangu.