Kaka Amempimia Mama Tangi la Ubatizo

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada na naomba upesi, maana naandika kwa hasira, na mama ni mgonjwa. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani hapa nyumbani ili niwe karibu naye, kwa sababu kifua kimembana na daktari amesema wazi asipigwe na baridi na aachwe apumzike. Mama ana watoto wawili tu, mimi na kaka yangu, ambaye anachomelea mageti na madirisha ya vyuma, na kazi anaijua, simnyimi haki yake. Balaa ni hilo kanisa alilohamia, la watu wanaoamini kwamba asiyezamishwa mwili mzima majini haoni mbingu, hata angesali mpaka magoti yaote sugu, na sisi wengine, marehemu baba, mama na mimi, tulibatizwa utotoni kwa maji ya kupakwa kwenye paji la uso, basi kwake yeye sisi ni kuni za jehanamu.

Sasa sikia. Wiki iliyopita nilitoka kwenda kununua uzi, kurudi namkuta kaka kamwinamia mama aliyelala, kashika futi yangu ya kupimia nguo, anampima kuanzia utosini hadi kisiginoni, kisha mabega, na kila kipimo anakiandika kwa chaki kiganjani. Mama akafumbua macho, akamtazama, akaitazama na ile futi, akasema, "Mwanangu, mnanipimia sanduku nami ningali nawaona?"

Kaka akacheka. "Sanduku la nini, mama? Hili ni tangi! Nakuchomelea tangi lako mwenyewe, Jumapili ya mwisho wa mwezi mchungaji anakuja kukuzamisha hapa hapa uani, basi mambo yameisha."

Mama akauliza, "Na baba yenu? Yeye hakuzamishwa. Yuko wapi?"

Mshauri, lijitu zima lile lilishindwa hata kumhurumia. Liliinamisha kichwa likasema, "Mama, Neno ni Neno."

Tangu siku hiyo mama amegeukia ukutani, uji haugusi, nikimsemesha anaitika tu. Nilipandwa na mori nikamfukuza kaka, nikamwambia, "Wewe na mchungaji wako ndio mtakaoungua, tena mtatangulia!" Nikaenda kwa mzee wa kanisa letu, naye akanitia nguvu, akasema anayebatizwa mara ya pili amemtukana Mungu, na mama akikubali kuzamishwa tusiwaite wao kumzika, wala hatalazwa karibu na baba kwenye makaburi ya kanisa. Nikarudi nikamweleza mama maneno hayo yote, neno kwa neno, ili ajue ukweli uko upande gani. Akalia tu. Na jana tangi limeletwa kwa mkokoteni, liko uani kwetu, limepakwa rangi ya bluu, majirani wanakuja kulishangaa. Nilitoboe? Nimfungie kaka mlango? Na nani anasema kweli juu ya mbingu, mshauri, ili nimwonyeshe kaka gazeti lako aaibike?

Fundi Cherehani

*

Fundi, hasira yako naielewa, na nusu yake naichukua mimi. Kumpima mama mzazi usingizini kama mtu anayepima dirisha! Huyo kaka yako angekuwa mwanangu angenitambua.

Lakini usishangilie bado. Nyani haoni kundule. Kaka alimwambia mama kwamba mumewe yuko motoni, nawe ukamkimbilia na habari kwamba hata makaburini watatenganishwa. Mmoja kamnyima mume huko juu, mwingine kamnyima huku chini. Kisha unashangaa uji haushuki! Wapiganapo tembo nyasi huumia, na hapa nyasi zenyewe zina kikohozi.

Unataka nikupe fimbo ya kumchapia kaka. Sikupi. Wakristo wamelibishania jambo hili tangu zamani: wengine wanadai mwili mzima, wengine wanatosheka na matone, wengine wanasema ni imani hata pasipo maji, wengine wanaamini Mungu atawakusanya wote mwishoni, na kila kundi lina aya zake na watu wake wema. Mimi nina imani yangu na nitakufa nayo. Ila funguo za mlango wa mbinguni sikukabidhiwa, na kaka yako naye hakukabidhiwa, mageti yake ni ya hapa hapa duniani.

Basi fanya hivi. Jumapili hazamishwi mtu. Hilo halina mjadala, si kwa ajili ya dini bali kwa ajili ya kifua: mpeleke kaka kwa daktari akaambiwe mwenyewe. Tangi usilitoboe, lichukuliwe likakinge mvua kwa mwenye shida ya maji. Yule mzee wa kanisa mfuate tena, mara hii ukiwa na mchungaji wenu, arudie maneno yake mbele ya mkubwa wake. Nina hakika ulimi utamwia mzito.

Mama akipona, na akitaka kwa hiari yake kuzamishwa, azamishwe, wala usithubutu kumzuia. Asipotaka, kaka akome. Barua yako ni ndefu, fundi, na sijaona popote mlipomuuliza mama anaamini nini.

Kaka yako usimfungie mlango. Mtu hachomelei tangi zima kwa ajili ya mama asiyempenda. Anaogopa, basi hofu yake aibebe mwenyewe, asimtwishe mgonjwa. Ingieni chumbani wote wawili, yeye bila mchungaji na wewe bila huo mdomo. Yeye aanze: "Mama, baba yuko wapi mimi sijui, nilisema nisilolijua." Nawe uombe radhi kwa yale ya kaburi. Mahubiri hapana. Mkalisheni, mumpe uji, mumwache awasimulie habari za mumewe, maana katika ugomvi wenu wote huu ndiye peke yake aliyemjua vizuri.

Mama yako anaogopa kufa. Watoto wake wawili wanagombania njia, na hakuna aliyekaa akamshika mkono. Weka gazeti chini, uende.