Kwaresima Bila Kahawa

S.L.P. 47,
Malaba.
17 Aprili 1996

Kwa dada yangu mpendwa Among,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mdogo wako na kwa wote wa nyumba hii. Goti lako linaendeleaje tangu mvua zianze? Na wimbi limeshaota huko Angurai? Sisi hapa tu wazima, ila mimi ni mzima wa mwili tu.

Barua yako niliipata Jumatatu. Unasema akina mama wa kwenu watakuja hapa kanisani kwetu Jumapili niwasimulie jinsi nilivyomwondoa muuza miraa getini pa kanisa. Dada, barua hiyo imeninyima raha. Ulichosikia ni nusu tu.

Unamkumbuka Opio, yule mrefu aliyekuwa na kibanda cha mbao getini pa kanisa, mkabala na hoteli yangu. Kwa miaka minne tumegombania watu wale wale, madereva wa matrela wanaokaa hapa siku mbili tatu wakingoja karatasi za forodha. Kila dereva anataka kitu cha kumtoa usingizi. Mimi nina birika la kahawa, yeye ana vifurushi vyake vya miraa vilivyofungwa kwa majani ya mgomba. Iliniudhi kupita kiasi kumwona dereva akinunua miraa na chingamu kwa Opio, halafu anakuja kuketi kwenye benchi langu, anatema maganda sakafuni kwangu, na anaagiza maji ya kunywa ya bure.

Basi nilipochaguliwa mwenyekiti wa kigango, nikaona nimepata rungu. Nilisimama baada ya misa nikasema miraa inamnyima mtu usingizi na chakula, inamfanya aongee mpaka mdomo ukauke. Opio, ambaye huketi nyuma kabisa, aliinua mkono. Aliuliza kwa upole kama kahawa yangu ndiyo inayowalaza watu. Akasema vyote viwili vinatoka shambani, vyote ni vichungu, na vyote mtu huvitafuta kabla hajamsalimu mkewe. Watu wakacheka. Kwa hasira nikajibu kwamba kahawa mtu huiacha akitaka, bali miraa humfunga. Padri akalidaka neno hilo. Akasema Kwaresima inaanza Jumatano, kwa hiyo kila mmoja wetu aache chake mpaka Pasaka. Opio akishindwa, ahamishe kibanda. Nikishindwa mimi, aachwe pale kwa amani.

Dada, sikujua. Siku ya kwanza kichwa kilianza kunigonga saa nne asubuhi, na jioni nilikuwa sioni vizuri. Siku ya pili nilimfokea mke wangu kwa sababu ya kijiko. Siku ya tatu nilisinzia nikiwa nimesimama, na huku natakiwa kuwamiminia wengine kahawa na kuvuta harufu yake. Nikimtazama Opio, naye anasinzia kibandani mchana kutwa, lakini anakula githeri sahani mbili na kuwaambia watu kwamba kichwa hakimuumi hata kidogo, ni uvivu tu na ndoto mbaya. Nilimchukia kwa hiyo sahani ya pili.

Wiki iliyofuata tulikwenda Mukono kuwaona wazazi wa yule msichana anayetaka kuolewa na mwanangu Paulinus. Unajua desturi ya Waganda, mgeni hukaribishwa kwa punje kavu za kahawa, huletwa katika kikapu kidogo azitafune. Kuzikataa ni kama kuwakataa wenyewe. Nikachukua mbili. Nikajiambia hii ni heshima tu ya wakwe, kahawa ni ile ya kikombe. Kabla mazungumzo hayajaisha, kichwa changu kilikuwa kimetulia kabisa.

Ningekomea hapo, labda Mungu angeniachilia. Lakini wakati wa kurudi nilinunua vifurushi sita vya punje zile stendi. Tangu siku hiyo, kila asubuhi nilijificha nyuma ya stoo nikitafuna, halafu nasukutua mdomo na kwenda kusalimia watu. Hata mke wangu hajui. Wewe ndiwe wa pili kuambiwa.

Wiki ya tano Opio alikuja mwenyewe mbele ya kamati ya kigango. Hakuna aliyemwona wala kumshtaki. Alisema alikuwa akipanga mzigo, mkono ukazoea njia yake, akashtukia ametafuna vijiti viwili. Siku hiyo hiyo alikibomoa kibanda, akakipeleka ng'ambo ya reli, mahali ambapo matrela hayasimami. Hakikumaliza wiki mbili. Mimi nilipigiwa makofi kanisani, nami nikainama kama mtu mnyenyekevu.

Jumamosi iliyopita alikuja kuniomba kazi. Nikampa ya kuchota maji na kuosha vikombe. Sasa kila asubuhi ananiletea kikombe changu cha kwanza kwa mikono miwili, akiniita mwenyekiti. Jana nilishindwa kukipokea. Nilimketisha nikamwambia yote, kuanzia Mukono hadi nyuma ya stoo. Aliendelea kufuta kikombe.

"Nilijua kitambo, mzee," akasema. "Wiki ya kwanza ulikuwa unagombana na kila mtu. Ukaenda Uganda, ukarudi mtu mzuri. Mtu wa kutafuna anajua mwenzake."

Nikamuuliza mbona hakusema mbele ya kamati.

"Nani angeniamini? Wewe ni chairman, mimi ni wa miraa."

Kwa hiyo, dada, akina mama waje tu, lakini watakachosikia Jumapili sicho walichoahidiwa. Nitasimama niseme yote, kisha niwaachie watu wa kigango kiti chao cha uenyekiti. Naona aibu, na zaidi ya aibu najikasirikia, kwa sababu nilimwambia Opio arudishe kibanda chake getini nikidhani nimemaliza deni. Akaniuliza kama ningemwambia hivyo endapo asingekuja kuniomba kazi.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na majirani wanaoniulizia. Usiache kulikanda hilo goti kwa maji ya moto. Kama bado utapenda kuniandikia baada ya haya, nitafurahi.

Ni mimi mdogo wako,
Ignatius Emukule