Mama, Ulipokuja Tunduma Kuniuguza

Mama yangu mkwe,

Mwanao Ayubu alipita nyumbani kwako Mbozi wiki iliyopita, akarudi akiniambia kahawa yako imechanua shamba zima jeupe, na harufu yake unaikuta tangu njiani. Nikamwambia leo nitamwandikia mama. Akaniletea kalamu.

Najua barua hii haina pa kupelekwa. Lakini yapo mambo sikukwambia tulipokuwa pamoja, kwa sababu wewe hukuwa mtu wa kuambiwa maneno matamu. Ningeanza tu, ungenikatiza uniulize kama maharage yameiva. Sasa nitasema hadi mwisho, na nitasema wazi ili wengine nao wasome, maana hapa Tunduma bado kuna watu wananiuliza niliugua nini hasa na ilikuwaje nikapona.

Tuanze na ukweli, mama. Ulikuwa hunipendi. Mwanao alikuletea mkwe asiyejua lugha yenu ya Kinyiha, binti wa mfanyabiashara kutoka Tabora, aliyekulia hapa mpakani katikati ya malori na wabadilisha fedha. "Mtu wa barabarani," ulimwambia dada yako siku ya kwanza nilipokuja kwako, ukidhani siwasikii. Ulinipa chakula kizuri, ukanipa na kitanda kizuri, lakini hukukaa nami. Hata Furaha alipozaliwa ulikuja, ukambeba, ukamwombea, ukarudi kwenye kahawa yako. Mimi na wewe tulisalimiana kama watu wanaopishana mlangoni.

Kisha nikaugua.

Ilianza na homa, kichwa, na mgongo uliouma kana kwamba nimeshinda nikibeba magunia ya mahindi. Nikadhani malaria, nikanywa dawa ya duka. Haikusaidia. Mitoki ikavimba shingoni na chini ya taya. Halafu vikatoka vipele viganjani, vikaja usoni, vingine ndani ya mdomo, vikajaa maji na kuuma kama nimeunguzwa. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye gesti moja wanakolala madereva, nafagia vyumba na kufua mashuka. Redio zilikuwa zinatangaza habari za mpox, homa ya nyani kama wengine wanavyoiita, lakini mimi nilikuwa nasikiliza kama mtu anayesikiliza habari za nchi nyingine.

Kituo cha afya walichukua majimaji ya vipele wakayapima. Jibu lilipokuja, Sista Rehema, muuguzi aliyekuwa akitufuatilia, aliniambia kwa sauti ya chini lakini bila kunificha kitu. Alisema hali yangu si mbaya sana, na kwa kuwa tulipanga vyumba viwili vyenye milango tofauti, ningeweza kujitenga kwenye kimoja naye angekuwa anakuja kunikagua. "Lakini mtoto asikae na wewe," alisema. "Watoto wadogo ugonjwa huu unaweza kuwazidi."

Furaha alikuwa hajatimiza miaka mitatu, mama. Nilimpeleka kwenye kile chumba kingine, binti wa mwenye nyumba akakubali kumwangalia, nikasimama mbali naye, naye ananinyooshea mikono.

Pale uani maneno yalikwishaanza. Mmoja alisema ni ukimwi, mwingine alisema nimerogwa. Jirani tuliyekuwa tunaazimana chumvi alisogeza ndoo yake bombani, akasema kwa sauti ili nisikie, "Mume dereva wa Kongo, walitegemea nini?" Nilipompigia Ayubu, alikuwa kwenye foleni ya malori Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo. Akaniuliza, "Umeupata wapi, Mama Furaha?" Nami nikamjibu, "Wewe umeniletea nini?" Tukakata simu, kila mtu na shaka yake. Nakwambia leo, mama, jambo lile liliniuma kuliko vipele. Niliona ndoa yangu inakufa nami nimelala kwenye mkeka, siwezi hata kunyanyuka kuitetea.

Sikukuita wewe. Ayubu ndiye aliyekuita. Nilisikia sauti yako uani unauliza Mama Furaha yuko chumba kipi. Ulikuwa na kiroba cha unga, mkungu wa ndizi, na kuku aliyefungwa miguu. Nikapiga kelele kutoka ndani, "Mama, usiingie! Ugonjwa wenyewe unaambukiza!"

Ukajibu, "Nimesikia. Sijaja kuingia. Nimekuja kuuliza."

Ukauliza kweli. Sista Rehema alipofika, ulimwekea kiti uani, ukakaa mbele yake, na mimi nikawa nasikiliza nyuma ya mlango.

"Unapitaje, mwanangu? Kwa upepo?"

"Si kama unavyodhani, mama. Mara nyingi ni ngozi kugusana na ngozi. Majimaji ya vipele, mate, au kukaa karibu sana uso kwa uso. Na vitu alivyotumia mgonjwa: shuka, taulo, nguo."

"Shuka?"

"Ndiyo, shuka."

Ukageukia mlango wangu. Kisha ukasema, "Huyu mkwe wangu anafua mashuka ya gesti. Anafua kwa mikono mitupu. Anaweza kuwa ameupata hapo?"

"Anaweza. Hatuwezi kusema kwa uhakika, lakini anaweza kabisa."

"Kumbe ni kama chulebuni, ule ugonjwa wa kahawa," ulisema. "Ukitoka na kisu kwenye mti mgonjwa ukaenda nacho kwenye mti mzima, umeupeleka mwenyewe."

Sista akacheka. "Unakaribia, mama. Ila huu ni kirusi, hatuna dawa ya kupulizia. Tunatuliza homa na maumivu, tunatunza vidonda visichafuke, mwili unapigana wenyewe."

Alipoondoka tu, ulimpigia Ayubu palepale uani, majirani wote wakisikia, na wewe simuni ulikuwa unapaza sauti kana kwamba Kongo ni ng'ambo ya kilima. "Ayubu, nisikilize. Mkeo anafua mashuka ya watu ambao hata wewe huwajui. Muuguzi anasema ugonjwa unakaa kwenye mashuka. Kwa hiyo acha kuhesabu dhambi. Na wewe mwenyewe jiangalie mwili, ukiona kipele au homa nenda hospitali kabla hujaja kulala hapa. Umenielewa?" Halafu ukaongeza, taratibu kidogo, "Mpigie mkeo. Analia."

Nilikuwa silii, mama. Nilianza kulia uliposema hivyo.

Ayubu alinipigia jioni ile. Hatukumaliza yote, ila tuliongea kama mke na mume. Naye alijichunguza, hakupata kitu.

Siku zilizofuata ndizo ninazozikumbuka kuliko zote. Uliniwekea chakula kwenye kigoda nje ya mlango, ukarudi nyuma, ndipo ninafungua. Sahani yangu, kikombe changu na kijiko changu havikuchanganyika na vyenu. Vipele vya mdomoni viliponizuia kutafuna, ulisaga ndizi na maharage vikawa laini kama uji. Nguo zangu ulizipokea kwa glavu alizoacha Sista, barakoa usoni, bila kuzikung'uta, ukazichemsha kwenye sufuria lililotengwa. Kila ulipomaliza ulinawa kwa sabuni mpaka viwiko, na Furaha akinawa pembeni yako akidhani ni mchezo. Nilipokuwa najikuna, ulisikia. Sijui ulisikiaje. "Acha!" ulinikemea kutoka uani. "Ukipasua unajiongezea."

Halafu ikaja asubuhi ile Furaha alipoamka anachemka.

Nilimsikia analalamika, nikakusikia unamwambia anywe maji, hataki. Nikauliza kuna nini. Ulisema ana homa, na mimi nikawaza ugonjwa wangu. Nilishika komeo la mlango, mama. Nilitaka kutoka. Wewe ukaja ukasimama mbali kidogo, Furaha mgongoni, ukaniambia, "Mama Furaha, ukimshika sasa unaweza kumpa ambacho hana. Nampeleka. Wewe kaa uombe." Uliongea bila ukali. Nilikaa chini nyuma ya ule mlango nikasikia kandambili zako zikienda.

Sijui ulikaa huko muda gani. Najua niliomba kwa lugha zote ninazozijua, mpaka maneno yakaniishia. Uliporudi, ulianza kusema kabla hujafika mlangoni. "Wamemkagua mwili mzima, hana kipele hata kimoja. Wamempima damu. Ni malaria!"

Nikacheka na kulia. Sijawahi kabla wala baada ya hapo kumshukuru Mungu kwa ajili ya malaria.

Mchana ule Furaha alipolala baada ya dawa, ulivuta kigoda ukakaa kivulini, ukawa unachambua maharage na kuongea, ukichanganya Kiswahili na Kinyiha. Ndipo uliponiambia habari za Tabitha. Mwanao wa kwanza, kabla ya Ayubu. Sikuwahi kusikia jina lake, na Ayubu mwenyewe alikuwa halifahamu vizuri. Ulisema surua ilipita kijijini mkiwa mnachuma kahawa, na watoto wote wa ukoo wakalazwa chumba kimoja, wazima na wagonjwa, kwa sababu ndivyo mlivyojua kuuguza: kukaa pamoja. "Hakuna aliyetuambia," ulisema. "Tuliwalaza pamoja kwa upendo." Ukaendelea kuchambua. Baada ya kitambo ukasema, "Siku hizi mnaambiwa. Mtu akiambiwa, asikie."

Nilitaka kutoka nikushike mkono. Sikuweza. Nikaweka kiganja changu kwenye ubao wa mlango, upande wa ndani, nikakaa hivyo. Hukujua, na leo nakwambia.

Vipele vikakauka, vikawa magamba, magamba yakaanza kudondoka. Ulimuuliza Sista lini nitamshika mtoto, akasema yote yakiisha kudondoka na ngozi mpya imeota chini yake. "Hata likibaki moja?" "Hata likibaki moja, mama." Basi ukawa unaniuliza kila asubuhi kama mtu anayeuliza hali ya hewa. Na siku Sista aliponikagua mikono, uso, mgongo na nyayo akasema tayari, nikaoga, nikavaa gauni safi, nikafungua mlango nikatoka uani.

Furaha akanikimbia.

Alijificha nyuma ya kitenge chako, akachungulia uso wangu wenye madoa, akaanza kulia. Katika yote niliyoogopa mle ndani, hilo sikuliwaza. Nikasimama katikati ya ua, majirani wanatazama, sijui nirudi ndani au nifanye nini.

Wewe ukatandika mkeka. Ukaniambia, "Kaa." Nikakaa. Nawe ukakaa ubavuni kwangu, bega kwa bega, ukauchukua mkono wangu ukauweka juu ya goti lako, ukaanza kupapasa makovu moja moja kwa kidole, polepole, mbele ya watu wote. Hukumwita mtoto wala hukumbembeleza. Ulipapasa tu, ukawa unaongea nami habari za bei ya kahawa. Baada ya muda Furaha akasogea. Akagusa kovu moja kwa kidole chake, akalitazama, akakutazama wewe. Kisha akapanda mapajani mwangu, akalala palepale.

Yule jirani wa ndoo alileta uji jioni ile. Ulimpokea vizuri, ukamkaribisha mkekani, ukamwelekeza yote aliyosema Sista tangu mwanzo. Hukumkumbusha alichosema bombani.

Ulirudi Mbozi kabla ya palizi. Baada ya hapo nilikuja kwako na Furaha kila nilipopata nafasi, ukanifundisha kuchuma kahawa zilizoiva tu, ukanicheka nilivyoogopa kiwavi. Ulianza kuniita mwanangu bila kutangaza. Halafu asubuhi moja presha ikakuangusha shambani, hukuamka tena, na simu ya kwanza ya shemeji zako ilikuja kwangu, si kwa Ayubu. "Alisema jambo likimpata aambiwe mkwe," waliniambia.

Mimi nimerudi kazini. Tajiri wangu sasa ananunua glavu, na mashuka tunayaloweka kwenye maji ya dawa kabla ya kuyashika. Wasichana wapya nawaelekeza mwenyewe. Wakiniuliza makovu haya ni ya nini nawaambia bila aibu: niliugua mpox, nikajitenga, nikatunzwa, nikapona. Mtu akiona vipele vyenye homa simsengenyi. Namsindikiza hadi mlango wa kituo cha afya.

Nina moja la mwisho, mama. Jumapili iliyopita tulikutana njiani na mzee mmoja wa Kinyiha, amekuja mjini kuuza mahindi. Kabla sijamwamkia, Furaha aliachia mkono wangu, akapiga magoti vumbini, akapiga makofi yale ya taratibu, akamsalimia kwa Kinyiha, salamu yote, hadi kuuliza hali ya nyumbani na ya mifugo. Mzee akasimama. Akaweka mzigo chini, akaitikia neno kwa neno. Alipomaliza akaniuliza mimi, kwa Kinyiha, mtoto huyu amefundishwa na nani.

Nilimwelewa. Nikamjibu kwa Kinyiha changu kibovu kwamba ni bibi yake.

Lala kwa amani, mama. Huku tunakupenda wote, na sasa huwezi kunikatiza.

Ni mimi mkweo,
Mama Furaha