Ufunguo wa Kanisa la Montrevaux

Montrevaux, 11 Mei

Solène mwanangu,

Hujambo huko Lyon, na kazi inakwendaje? Mimi nipo, ila goti la kushoto linanung'unika kila mvua ikikaribia, na ng'ombe wa Josserand wamevunja tena ua wangu wa michongoma. Nakuandikia kwa sababu simu siku hizi nasikia mvumo tu, kama nyuki ndani ya debe.

Nina habari ya kukuchekesha. Barabara yetu imepata watu! Si magari, ni baiskeli. Jumamosi niliwahesabu kumi na saba kabla ya chakula cha mchana. Wanapanda kile kilima cha msalaba wa mawe wakitweta, nyuso nyekundu kama nyanya, kisha wananiuliza, "Mama, kanisa lenye sanamu ya Bikira wa mbao ndilo hili?" Nikiwauliza nani amewaelekeza, wanasema, "Tumesoma." Kabla sijauliza wamesoma wapi, wameshashuka bondeni.

Nawapa maji, na juzi nimeoka keki ya plamu. Sikufichi, nimefurahi. Tangu mume wangu Armand afariki nyumba hii haikuwa na kelele. Wewe unayeandika mambo ya njia za baiskeli, hujasikia lolote?

Shangazi yako,
Clothilde

Lyon, 19 Mei

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Pole na goti, na umwambie Josserand ng'ombe wake wana adabu mbaya kuliko yeye.

Siku hizi watu wanaandika kila kitu, Shangazi, huwezi kujua jambo limetoka wapi. Usijichoshe kuwaokea keki, watazoea. Nataka kukuuliza tu: ufunguo wa kanisa bado unauweka palepale? Ingekuwa vizuri ukauhamisha, kwa kuwa wageni ni wengi.

Kazi nyingi, nisamehe kwa ufupi.

Mtoto wa kaka yako,
Solène

Montrevaux, 2 Juni

Solène,

Natumaini u mzima. Hapa hatuko sawa. Barua yako ilifika Jumatatu, umetabiri kama mganga, lakini Jumapili Bikira alikuwa ameshaondoka.

Nilikwenda asubuhi kubadilisha maua. Mlango umefungwa kama kawaida, ufunguo uko mahali pake ndani ya tanuri la zamani la mkate. Nikafungua, nikatazama ukutani, nikadhani macho yananidanganya. Shimo tupu. Hata vumbi lilikuwa na alama ya miguu yake.

Meya Perrachon amekuja na polisi. Akaniuliza, "Clothilde, mlango haukuvunjwa. Ufunguo ulipo anajua nani?"

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Na mimi."

Sikukutaja, kwa nini nikutaje? Pasaka nilikuonyesha kwa sababu wewe ni mtoto wa nyumbani. Mama yangu aliutunza ufunguo ule miaka arobaini, mimi thelathini na mmoja. Miaka mia nane watu wa hapa wanampigia magoti mama yule, na ameibwa mikononi mwangu.

Niandikie.

Shangazi yako

Montrevaux, 9 Agosti

Mwanangu,

U mgonjwa? Barua mbili zimepita bila jibu. Kama ni kazi, sawa, lakini niandikie hata mstari.

Nimefikiri sana. Mlango haukuvunjwa, ufunguo ulikutwa mahali pake, na sirini, ukiacha wewe uliye Lyon, nilikuwa peke yangu. Basi ni nini kama si mimi? Labda niliwaambia wale wa baiskeli huku nawakatia keki, nikasahau. Josserand anasema inawezekana. Siku hizi anazungumza nami polepole, kwa sauti kubwa, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga viatu.

Wiki iliyopita niliacha sufuria ya maziwa jikoni ikaungua. Zamani ningecheka. Sasa niliketi nikaitazama. Nimekwenda kwa daktari, akanipa karatasi nichore uso wa saa, ndivyo wanavyopima kumbukumbu. Nilichora, lakini namba zikabanana upande mmoja. Akasema, "Tutaangalia taratibu."

Ufunguo nimemkabidhi Perrachon. Hakukataa.

Shangazi yako

Montrevaux, 3 Oktoba

Solène,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Sitakusumbua sana.

Nimeandikisha jina langu katika nyumba ya wazee karibu na Charolles. Chumba kitakuwa tayari tarehe kumi na tano Novemba. Mbuzi nimeshawauza, wamekwenda kwa watu wema. Baiskeli sipandi tena, naogopa kupotea katika njia nilizozaliwa nazo. Ya Armand, ile yenye usukani wa kupinda, ukiitaka uje uichukue.

Usilie. Uzee ni zamu, na hii ni yangu.

Shangazi yako

Lyon, 8 Oktoba

Shangazi,

Sitakuuliza hali, kwa sababu hali yako nimeiharibu mimi.

Hukusahau kitu. Akili yako ni nzima. Nasema mwanzoni kabisa ili usisome mstari mwingine ukiwa na shaka: ni mimi.

Niliporudi kutoka kwako Pasaka niliandika njia yote tuliyopita, kwa jarida ninaloliandikia kwenye mtandao. Nimeandika njia nyingi, lakini hii ndiyo iliyosomwa kuliko zote. Nakunukulia mwisho wake: "Ukiacha mfereji, shika barabara nyembamba isiyo na namba. Saa nzima hutapishana na gari. Vuka daraja la mawe, pita chini ya mnara wa ngome uliobomoka, ujaze chupa ya maji kwenye hodhi la kufulia nguo la Montrevaux. Kanisa limefungwa, lakini ufunguo uko ndani ya tanuri la mkate, nyuma ya nyumba yenye madirisha ya buluu." Nilijiona hodari kwa sentensi ile. Msomaji mmoja aliandika chini yake, "Asante kwa siri," nami nikatabasamu.

Uliponiuliza mwezi Mei, nilijua. Ndiyo maana nilikuandikia habari ya kuuhamisha ufunguo, badala ya kusema kweli. Na Bikira alipoibwa, saa ileile niliyosoma barua yako nilimpigia mhariri. Nikamdanganya kwamba njia ina makosa, aufute ukurasa. Akaufuta. Nilidhani nafuta kosa langu. Nilikuwa nafuta ushahidi wako.

Kisha nikanyamaza. Nilijiambia nitakuja tuzungumze ana kwa ana, na kila Ijumaa nikapata sababu. Uliposimulia saa uliyomchorea daktari, niliificha ile barua chini ya nguo kama mwizi. Nimekuacha ujiite mwehu ili mimi nisiitwe mzembe.

Nilibaki na nakala moja ya ukurasa ule. Leo asubuhi nimeipeleka polisi, na hii niliyoambatisha ni nakala yake. Mwonyeshe umtakaye. Usiende Charolles, nakusihi.

Solène

Montrevaux, 20 Oktoba

Solène,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Unajua ukutani jikoni kwangu kuna nini? Vikaratasi. "Umezima jiko." "Umefunga mlango." "Leo ni Jumanne." Miezi minne naamka najiuliza jana nilifanya nini nisichokijua. Mbuzi wangu wamekwenda. Bikira ni mti, Solène. Mti mtakatifu, lakini mti. Mimi umeniibia kichwa changu, ukakaa nacho Lyon.

Nilikwenda kwa Perrachon nikamwekea barua mezani. Akasoma, akavua miwani. "Clothilde, ulituambia hakuna mwingine anayejua."

"Nilisema."

"Na haikuwa kweli."

"Haikuwa kweli."

Mtu mzima wa miaka sabini na sita, nimesimama mbele ya meya kama mwanafunzi aliyekutwa na jibu la mwenzake. Nilikuficha bila kudhani kwamba una cha kufichwa. Ningelitaja jina lako siku ile, polisi wangekuuliza siku ileile. Kwa hiyo aibu hii tumegawana, na sikushukuru kwa fungu langu.

Chumba cha Charolles nimekikataa. Vikaratasi nimevichoma.

Sasa sikiliza. Barua yako Perrachon aliomba aisome kwenye mkutano wa kijiji. Nimekataa. Barua mtu huituma, akabaki nyumbani. Hapa tuko kaya kumi na nne. Njoo na baiskeli yako kwa njia ileile uliyoiandika, upige hodi mlango mmoja mmoja, useme kwa mdomo wako. Kwangu uje mwisho.

Shangazi yako, maana damu haifutiki kama ukurasa

Lyon, 4 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa, mvua ya Jumapili ilikuwa kali.

Nilifika. Najua unajua, lakini nakuandikia ili uwe umesikia kwangu.

Nilianza kwa Josserand. Nilisema yote nikiwa nje, maji yakinichuruzika. Sikuyapamba. Akasema, "Mimi nilimwambia mke wangu kwamba Clothilde anapotea. Niliwaambia na watu sokoni. Haya, sasa nami nipige hodi wapi?" Akafunga mlango taratibu.

Nyumba mbili walinitukana, na walikuwa na haki. Moja walinipa kahawa, na hiyo ilikuwa ngumu kuliko matusi. Mlango mwingine ulikuwa wa Bibi Valérienne. Alinishika mkono na vidole vyake vile vya baridi, akanipeleka kanisani, akanisimamisha mbele ya shimo ukutani, akatoka. Sijui nilikaa pale muda gani. Nimeandika makanisa mengi, Shangazi. Sikuwahi kukaa ndani ya hata moja bila kufikiri nitaliandikaje.

Kisha nikaja kwako. Moshi ulikuwa unatoka. Nikapiga hodi mara tatu. Nilisikia kiti kikivutwa, halafu basi. Nikangoja hadi kengele ya saa kumi, nikapanda baiskeli.

Sikulaumu. Jarida nimeliacha. Sijui nitafanya nini.

Mtoto wa kaka yako,
Solène

Montrevaux, 12 Novemba

Solène,

Hujambo? Goti linauma, sitakudanganya.

Nilikuwa nyuma ya mlango. Nimeshika komeo. Sikuwa nakuadhibu, ingawa ulistahili. Nilikuwa na maneno mdomoni, mabaya, ya kuanzia kwako hadi kwa marehemu baba yako, na nilijua nikifungua yatatoka yote, na baadaye sitayapata tena kuyarudisha. Nikabaki nimesimama. Nilikusikia ukipiga chafya. Nilisikia ukiondoka, nikaona haya.

Juzi amekuja Josserand, kofia mkononi, akasimama hapohapo uliposimama wewe. Naye sikumfungulia. Akarudi jana. Sikumfungulia. Leo asubuhi karudi tena, nikafungua. Hakuna aliyejua pa kuanzia. Tukazungumza mvua, na ndama wake mwenye kuhara, akanywa kahawa, akaenda zake. Alipofika barabarani ndipo alipogeuka akasema, "Nisamehe, Clothilde." Nikamwambia afunge lango vizuri.

Bikira hajapatikana. Polisi wanasema huenda yuko nje ya nchi.

Krismasi usije, ni mapema mno kwangu. Njoo Februari, siku yoyote. Nisipokufungulia, rudi Machi.

Shangazi yako,
Clothilde