Siku Mbili Mbali na Samy

Kolwezi, tarehe 4 Februari 2024

Yaya Stéphanie, dada yangu mkubwa mpendwa,

Habari ya Kisenge? Tata anaendeleaje na mgongo wake? Mimi ni mzima, tena zaidi ya mzima: nimeolewa na Samy! Miezi miwili sasa, na bado akiingia mlangoni moyo unanidunda kama siku ya kwanza. Ananiita "mama" mbele ya jirani wote.

Shida ni kikohozi tu. Miaka aliyochimba kwenye mgodi wa Mutoshi ilimwachia vumbi kifuani. Waganga wa hospitali moja ya Lubumbashi wamemchagua kwa uchunguzi. Wanamdunga dawa, halafu mashine inapiga picha ya mapafu. Wanasema kazi ya vumbi aliiacha zamani, lakini chembe za mwili bado zinapelekeana habari za kujenga makovu, na pale zinapoitana, picha inawaka. Wakielewa zinavyoitana, watatafuta dawa ya kuzinyamazisha. Si ajabu?

Na siri, yako na yangu tu: nina mimba! Hata Samy bado sijamwambia.

Mudogo wako,
Jémima

Kisenge, tarehe 14 Februari

Mudogo wangu,

Sisi wazima. Tata anatembea na anagombana na kuku, basi amepona. Habari yako imenichezesha peke yangu jikoni! Lakini usimwambie mtu, hata Samy, mpaka miezi mitatu ipite. Ndivyo marehemu mama alivyotubeba sote. Tata aliambiwa wa mwisho kwamba atakuwa baba tena.

Na hiyo dawa inayowaka kifuani, mbona sijaisikia? Kwa nini hakupeleki Lubumbashi ukaione? Fungua macho.

Yaya wako,
Stéphanie

Kolwezi, tarehe 1 Machi

Yaya,

Natumaini barua hii inawakuta na afya. Mimi nina kichefuchefu kidogo, na machozi mengi.

Samy alirudi kutoka Lubumbashi Jumanne. Nilivaa kikwembe cha arusi, nikakimbia hadi kituo cha basi. Akanyoosha mkono kama polisi wa barabara: "Simama kule kule, mama! Siku mbili usinikaribie."

Nikacheka, nikidhani ni mchezo. Akala peke yake, akalala sebuleni. Nilipouliza, akajibu, "Ni dawa," halafu akanitazama sana, kama mtu anayengoja niseme jambo. Siku ya tatu alinikumbatia, nami nikamnusa shati. Sabuni ngeni, yaya. Nampenda hata ninapomchukia.

Mudogo wako,
Jémima

Kisenge, tarehe 10 Machi

Jémima,

Kichefuchefu kimepungua? Huku wote wazima, ila mimi nina hasira. Mwanaume anayetoka safari akakimbia kitanda chake ameshiba kwingine. Dawa gani inakataza kumgusa bibi? Pekua mfuko wake. Nimemwambia Tata, akipata lori, anakuja kukuchukua.

Yaya wako,
Stéphanie

Kolwezi, Ijumaa tarehe 22 Machi

Yaya,

Tata amefika salama, mgongo umemsumbua njiani. Alikaa uani, akakataa hata maji yangu. Samy naye akatokea, anatoka Lubumbashi. Akaweka mfuko chini, akabaki mlangoni mwa ua.

"Umeona?" Tata akasema. "Anaogopa kunisogelea mimi mkwe wake!"

Nikaupekua mfuko mbele yao. Picha: mapafu meusi, yenye madoa yanayowaka kama taa za mgodi. Na karatasi ya hospitali ya safari iliyopita: dawa ina mionzi, mgonjwa asikae karibu na mwanamke mwenye mimba siku mbili. Chini yake swali: "Nyumbani kuna mwanamke mwenye mimba?" Samy aliandika: "Ndiyo."

"Nani alikuambia?" nikamuuliza.

"Hakuna mtu. Uliacha kula samaki mukavu, unakimbia moshi wa makala ya jiko. Mi nikangoja useme. Haukusema. Nikaanza kujiuliza unanificha mutoto wa nani."

Yaya, kumbe naye alikuwa akininusa! Zimebaki siku tisa miezi mitatu itimie, lakini nilipaza sauti mpaka jirani wakatoka: "Ni wako, Samy! Niliogopa tu kuvunja desturi ya mama!"

Tata akaomba maji.

Samy akaja mbio, hatua tatu, halafu akakumbuka, akarudi nyuma akijipiga paji la uso. "Jumapili, mama. Jumapili!"

Sasa yeye yuko pale mlangoni, mimi niko hapa kizingitini, Tata katikati anakunywa kikombe cha pili. Tunatazamana tu.

Mudogo wako anayehesabu saa,
Jémima