Vyungu Vitatu vya Maji ya Lambo

Dada yangu Mwajuma,

Jana nilipita lamboni, hapa Mungaa, nikakukumbuka umeinama juu ya vyungu vyako, kanga imelowa magotini.

Lambo lilichimbwa enzi za Mwingereza, sisi tukiwa wasichana. Ng'ombe waliingia wakatifua tope, maji yakawa na rangi ya udongo mwaka mzima. Kisha bwana mifugo akaamuru lizungushiwe miiba, ng'ombe wanyweshewe nje. Tope likazama. Maji yakatakata hata ukasimama ndani ukaona vidole vyako, tukafurahi sana.

Kiangazi kilipokolea, maji yale mazuri yakageuka kijani, yakafunga utando, yakanuka. Ndama wakafa. Watu wakamgeukia Mama Hamisi, mjane jirani yetu aliyekuwa amegombana na jumbe kuhusu shamba. Wakasema ametia dawa. Jumbe akatangaza kuwa mjane huyo atahamishwa kijijini.

Wewe hukubishana na mtu. Ulichota maji ya lambo, ukayachuja kwa kitambaa, ukayagawa katika vyungu vitatu uani. Kimoja ukakiacha wazi juani. Cha pili, nacho juani, ukakitia udongo laini, ukawa unakikoroga kila ukipita. Cha tatu ukakifunika kwa ungo. Nilipokuuliza unapika nini, ulicheka, ukasema unataka kujua tu.

Kile cha kwanza peke yake ndicho kilichogeuka kijani. Ukamwita jumbe.

"Shikamoo, baba. Maji ni yale yale," ulimwambia. "Ingekuwa dawa ya mtu, mbona imechagua chungu kimoja tu, kile ambacho mwanga unapenya majini? Huu ni mmea. Zamani tope la lamboni lilikuwa linauzibia mwanga."

Hakukubali papo hapo. Alitega vyungu vyake nyumbani kwake, akakoroga kwa mkono wake mwenyewe, nasi tukawa hatulali vizuri. Siku aliyokuja alipita mlango wetu, akaenda moja kwa moja kwa Mama Hamisi.

"Lima shamba lako, mama," akamwambia.

Tulichimba visima mchangani chini ya tuta la lambo, tukanywa humo mpaka mvua zilipoleta tope jipya na ukijani ukafifia.

Lakini dada, maji uliyachuja yakaonekana safi kabisa. Mbegu ya mmea ule ilikuwa imejificha wapi? Tulibishana hadi ugonjwa ukakuchukua. Kama huko uliko umeshajua, pumzika. Mimi jana nilichota maji kidogo kiganjani, nikayainua juani, nikatazama.

Mdogo wako,
Salima